Konokono wetu amesingiziwa: mnyoo wa mapafu ya panya na safari yake

FundiDarubini (Moshi), Alhamisi saa 2:10 usiku

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Jumapili nilikuwa Uru kwa shemeji yangu, mume wa dada. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi konokono wamejaa chini ya migomba, wengine wakubwa kama ngumi ya mtoto. Shemeji ana mpango wa kuwafuga, ameshanunua wavu na kupanga matofali nyuma ya zizi. Mwanawe aliye chuo akamwambia mbele yangu, "Baba, achana nao. Hawa konokono wa Afrika Mashariki ndio waliosambaza mnyoo wa ubongo dunia nzima." Shemeji akanigeukia mimi, kwa kuwa nimekaa maabara miaka ishirini na ushee. Nilimjibu kwa kifupi pale pale, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha. Nimerudi nalo mjini, nimelala nalo, leo naliandika lote.

Kijana hakutunga. Hoja hiyo ni ya zamani na iliwahi kusimamiwa na mtaalamu mzito. Ila vinasaba vya mnyoo mwenyewe vimekuja kutoa ushahidi mwingine, na mimi naona konokono wetu amebebeshwa mzigo wa panya.

Tuanze na mnyoo, maana huyo wa ubongo ndiye huyo huyo wa mapafu ya panya. Jina lake la kitaalamu ni *Angiostrongylus cantonensis*. Canton ndio Guangzhou ya leo, kusini mwa China, ambako Chen alimwelezea mwaka 1935 baada ya kumkuta kwa panya. Mimi nilimwona kwa macho yangu nilipopelekwa mafunzo Thailand. Mwalimu alipasua panya wa sokoni, akachana taratibu ule mshipa unaotoa damu kwenye moyo kwenda mapafuni, akamvuta jike kwa koleo ndogo na kumweka kwenye sahani ya maji ya chumvi. Alikuwa na urefu wa sentimita tatu hivi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na bado anajinyonganyonga. Utumbo wake umejaa damu kwa hiyo unaonekana mwekundu uliokolea, na mirija ya mayai ni myeupe, inauzunguka utumbo kutoka kichwani hadi mkiani. Mtu wa huku angesema ni shanga za Kimasai, nyekundu na nyeupe, zimesokotwa pamoja. Sijamsahau.

Anavyoishi ni hivi. Jike hutaga ndani ya mshipa, mayai yanachukuliwa na damu mpaka yanakwama kwenye vimishipa vya mapafu na kuanguliwa. Minyoo wachanga, tuwaite lava, wanatoboa kuingia kwenye njia ya hewa, wanapanda hadi kooni, panya anawameza, wanatoka na mavi. Konokono anapita, au koa (yule ndugu yake asiye na gamba), anakula yale mavi. Ndani ya konokono lava wanajivua ngozi mara mbili na baada ya wiki mbili tatu wako tayari. Panya anamla konokono. Lava wanatoboa utumbo, wanaingia kwenye damu, wanakwenda moja kwa moja kwenye ubongo wa panya, wanakulia humo, halafu wanashuka kwenye moyo na mapafu. Tangu panya amle konokono mpaka mavi yake yaanze kutoa lava ni kama wiki sita.

Binadamu hayumo kwenye mzunguko huo. Anaingia akila konokono mbichi, au mboga mbichi yenye koa mdogo aliyejificha kwenye kunjo la jani. Lava wanafika ubongoni vilevile, lakini kwetu sisi safari inaishia hapo. Wanafia humo, na mwili ukipambana nao unapata uvimbe kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa kijana wa miaka 15 kule Taiwan, taarifa yake ikatoka mwaka 1945.

Simu inaisha chaji, nitarudi.

Chalii wa Sakina, Alhamisi saa 2:31 usiku

Natia nanga hapa mkuu. Swali moja: panya gani? Hawa wa darini au panya buku?

FundiDarubini, Alhamisi saa 3:05 usiku

Swali zuri sana, maana ndilo lenye ufunguo.

Panya buku mwache. Huyo ni mwenyeji wa Afrika, na ndugu zake ndio wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya shamba anayemaliza mahindi na mpunga kule Mabogini na Kahe naye ni mwenyeji. Mnyoo huyu shina lake liko kwa panya wawili ambao wote ni wageni kwetu: panya mweusi wa darini, *Rattus rattus*, na yule mkubwa wa mitaroni, *Rattus norvegicus*.

Panya wa darini asili yake ni upande wa India. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, Zanzibar, kwenye tabaka za karne ya 7 na ya 8, pamoja na mifupa ya kuku, naye kuku ni mgeni wa kutoka Asia. Yaani upepo wa kaskazi ulipoleta majahazi, ulileta biashara, kuku na panya kwa pamoja. Panya hakai mbali na gunia la nafaka. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kila behewa la mchele lililopanda huku naliona kama nauli ya bure kwa panya.

Mtu akisema "mnyoo wa panya", basi ajiulize kwanza panya alitoka wapi.

KijanaWaUru, Alhamisi saa 3:40 usiku

Mjomba shikamoo. Ni mimi uliyenitaja. Nimeona nisikae kimya.

Sikusema kwa kubahatisha. Nilisoma hoja ya Joseph Alicata wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwaka 1966 aliandika kuhusu mnyoo huyu kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi na akasema konokono mkubwa wa Afrika ndiye anayeelekea kumpeleka Pasifiki. Ukiangalia ramani ya konokono inatisha. Asili yake ni pwani yetu, Kenya na Tanzania. Akafika Morisi, mwaka 1847 akaachiwa Kolkata, mwaka 1900 yuko Sri Lanka, mwaka 1936 yuko Hawaii, na Wajapani wakamtawanya visiwani kama chakula. Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii na konokono watatu tu mfukoni, bibi yake akawaachia bustanini Miami, na baada ya miaka saba wakahesabiwa zaidi ya 18,000. Florida walitumia miaka kumi na dola zaidi ya milioni moja kuwamaliza. Na konokono huyu anambeba mnyoo vizuri sana, mmoja anaweza kuwa na lava maelfu.

Sasa mjomba, kiumbe anayekwenda kila mahali, anayezaa hivyo, anayebeba hivyo, na kila alikofika ugonjwa ukaonekana. Mimi nifikirie nini?

FundiDarubini, Ijumaa saa 12:20 asubuhi

Marahaba mwanangu. Umejenga hoja vizuri, na kwa ushahidi wa mwaka 1966 hata mimi ningekuwa upande wa Alicata. Huyu si mtu wa kudharau. Yeye ni miongoni mwa waliofungua macho ya dunia kuhusu ugonjwa huu, wakati ambapo watu wa Pasifiki walikuwa wanaumwa vichwa na hakuna aliyejua sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo minyoo ilipopatikana kwenye ubongo wa mgonjwa aliyefia Hawaii, na fumbo likaanza kufunguka.

Lakini ramani mbili kufanana hakumaanishi moja imeizaa nyingine. Tazama Tahiti. Mwaka 1958 kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa huu kisiwani, watu wengi. Konokono wetu alifika Tahiti mwaka 1967. Miaka tisa baadaye! Tazama na Brisbane, Australia. Mackerras na Sandars walieleza mzunguko mzima wa maisha ya mnyoo huyu pale mwaka 1955, wakitumia panya na makoa wa mji ule ule. Konokono mkubwa wa Afrika hajawahi kuota mizizi Australia, kila anapoonekana wanamtokomeza. Kwa hiyo mnyoo alikuwa ameshafika sehemu ambazo mshitakiwa hajakanyaga.

Sasa twende kwenye vinasaba, na hapa nataka unisikilize kama Mchaga.

Ukienda Marangu, kihamba (shamba la ukoo) hadi kihamba, utakutana na akina Mtui, Lyimo, Minja, Mlay, Kessy na wengine wengi. Koo ni nyingi kwa sababu watu wamekaa hapo muda mrefu, wamezaliana, wamegawanyika. Sasa nenda mji mdogo wowote wa mbali, uulize Wamarangu. Utakuta duka la Lyimo, na karakana ya Lyimo, na mtoto wa Lyimo ana gesti. Aliondoka mmoja, akawaita ndugu zake. Hata kama hujui historia, ukihesabu koo tu utajua kwao ni wapi na wapi ni ugenini. Penye koo nyingi ndipo nyumbani.

Wanasayansi wanafanya hivyo hivyo kwa mnyoo. Wanachukua kipande cha mnyoo mmoja, wanatoa vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, wanazidisha nakala kwa PCR na kusoma herufi zake. Zinazosomwa zaidi ni jeni mbili, moja inaitwa COI na nyingine saitokromu b. Siku hizi wanasoma mitokondria nzima, herufi karibu 13,500. Minyoo wenye herufi sawa wanawekwa ukoo mmoja, wao wanaita haplotaipu.

Wamekuta nini? Kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki koo ni nyingi, na zimegawanyika katika matawi makubwa mawili yaliyoachana mbali. Nje ya huko, koo ni chache mno. Mwaka 2019 ilitoka kazi iliyosoma mitokondria nzima ya minyoo wa Australia, Hawaii, Polinesia ya Ufaransa na Visiwa vya Canary. Tafuta hizo sehemu kwenye ramani, zimetawanyika mbali mbali sana. Minyoo wake walikuwa karibu sawa kabisa. Huyo ni Lyimo na ndugu zake.

Na jambo la pili linaloniridhisha zaidi: ndugu zake wa damu wanaishi wapi? Yupo *Angiostrongylus malaysiensis*, aliyetenganishwa mwaka 1971, anaishi kwa panya wa Malaysia na Thailand, na kwa miaka mingi alikuwa anachanganywa na huyu. Yupo *A. mackerrasae*, wa panya wenyeji wa Australia. Hao ndio walio karibu naye kuliko wengine wote, na wote wawili wako upande ule wa bahari. Mtu akikuambia kwao ni Rombo, lakini baba mdogo na shangazi wote wako Songea, utamwamini?

Picha ninayoiona ni hii. Mnyoo alizaliwa kwa panya wa Asia. Panya wakapanda meli, kwenye magunia, kwenye kamba, kwenye mbao, wakashuka kila bandari wakiwa wamebeba minyoo kwenye mishipa yao. Walipokuta konokono wa kienyeji, mzunguko ukakamilika bila kusubiri mtu. Konokono wetu alipokuja kufika alikuta moto umeshawaka, akawa kuni. Kuni nyingi na kavu, hilo silipingi. Ila kiberiti si chake.

BintiMeru, Ijumaa saa 4:15 asubuhi

Asante kwa darasa FundiDarubini. Mimi si mtu wa minyoo ila nafanya kazi za takwimu, kwa hiyo niruhusu nikubane kidogo.

Penye watafiti wengi ndipo panapopatikana koo nyingi. China na Thailand wamepasua panya miaka mingi. Ukienda Marangu na madaftari kumi utaandika koo nyingi, ukienda kwingine na daftari moja utaandika chache. Je, hatupimi juhudi za watafiti badala ya asili ya mnyoo?

FundiDarubini, Ijumaa saa 7:02 mchana

Dada, umegusa penyewe. Nimekula chakula cha mchana nikiwaza swali lako.

Ungekuwa sahihi kabisa kama kwingine kote wangekuwa hawajapima. Lakini Hawaii wamepima sana, kisiwa kwa kisiwa, kwa sababu wagonjwa wanao. Australia wamepima, kuanzia panya, popo, ndege hadi mbwa. Madaftari yalikuwa mengi na koo zikabaki chache. Ndiyo maana hoja haisimami kwa hesabu ya koo peke yake, inasimama na umbali kati ya koo pia. Koo za Asia zimetofautiana kwa kina, na kina hicho kinahitaji muda mrefu. Koo za visiwani zikitofautiana zinatofautiana kwa herufi mbili tatu, kama watoto wa baba mmoja.

Afrika ndiko swali lako linakouma kweli. Mnyoo ameshaonekana kwa panya wa Misri miaka ya 1970, kwa panya wa Durban taarifa yake ikatoka mwaka 2011, na wagonjwa wameandikwa Côte d'Ivoire, Réunion na Mayotte. Mayotte ni jirani yetu, ni Komoro hapo. Vituo vyenyewe vinatazamana na njia za meli. Sehemu kubwa katikati ya Durban na Misri ni pwani yetu na bara letu, zenye panya wale wale na konokono wale wale, na madaftari ya huku ni machache. Inaniuma kwamba konokono mwenyewe ni wa kwetu, na dunia nzima imemwandikia vitabu kuliko sisi.

Kuhusu faida ya kujua ukoo, si jambo la sifa tu. Taiwan wana minyoo wa maeneo mawili, Hualien na Pingtung. Walipowajaribu kwa wanyama wa maabara, wale wa Hualien waliambukiza kwa nguvu ndogo na kuanza kutaga kwa kuchelewa kuliko wenzao. Ni mnyoo huyo huyo kwa jina, koo tofauti, tabia tofauti. Na kipimo cha PCR cha kumpima mgonjwa kinatengenezwa kwa kufuata herufi za mnyoo. Usipojua koo zilizopo eneo lako, kipimo chako kinaweza kumpita mgonjwa aliye mbele yako.

Mama Mboga Tengeru, Ijumaa saa 10:48 jioni

Wanangu mimi nasoma tu haya ya koo, yananifurahisha. Ila mimi nauza mboga Tengeru Jumatano na Jumamosi. Saladi, kabichi, figiri, mnavu, giligilani. Masika haya kila fungu la saladi lina vikoa vidogo, rangi ya majani yaliyooza, huwezi kuviona mpaka ufungue jani kwa jani. Wateja wangu wa hoteli wanataka saladi mbichi. Nifanyeje? Naosha na maji ya mfereji, wengine wananiambia tia chumvi na ndimu.

FundiDarubini, Ijumaa saa 1:30 usiku

Mama shikamoo. Nashukuru umeuliza wewe, maana mkono wako unapita kwenye sahani nyingi kuliko wangu.

Figiri, mnavu na chochote kinachopikwa usiwe na wasiwasi nacho. Maji yakichemka dakika tatu mpaka tano lava wamekufa. Hata baridi kali inawaua, friza ya nyuzi 15 chini ya sifuri kwa saa 24, lakini saladi haigandishwi.

Kazi iko kwenye mbichi. Ndimu, siki na chumvi visikudanganye. Havitegemewi kuua lava, na ndiyo maana kachumbari yenye ndimu nyingi haina ulinzi wowote dhidi ya mnyoo huyu. Kinachosaidia ni macho na vidole. Vunja kichwa cha saladi, tenganisha majani yote, kila jani lioshwe peke yake pande zote mbili kwa maji safi yanayotiririka, huku ukipitisha kidole kwenye mshipa wa katikati na kwenye makunjo ya chini, ndiko koa anakojibana. Jani lililoliwa na lenye njia ya ute unaong'aa litupe. Maji ya mfereji yatumie shambani, kuoshea tumia ya bomba, maana mferejini panya na konokono wanakutana usiku kucha.

Na vile vikoa usivishike kwa mikono mitupu halafu ukala andazi. Vaa hata mfuko wa nailoni mkononi. Watoto wasichezee konokono, na wakishachezea wanawe kwa sabuni. Kule Sydney mwaka 2010 kijana mmoja alimeza koa kwa kuthubutishana na wenzake. Alikaa kwenye koma zaidi ya mwaka, akaamka akiwa amepooza, na akafariki mwaka 2018.

Beijing mwaka 2006 watu 160 waliugua kwa sababu mgahawa uliwapa konokono wa majini ambao hawakuiva. Kaskazini-mashariki mwa Thailand wana chakula chao cha konokono mbichi aliyekatwakatwa na viungo, nilikaribishwa nikakataa kwa adabu. Sisi huku hatuna desturi hiyo, na hiyo ni kinga kubwa tuliyoachiwa na wazee. Kwa hiyo mlango wetu ni huo wa majani mabichi, na mama kama wewe ndiye bawabu.

Daktari wa Kata, Ijumaa saa 3:12 usiku

Naongeza upande wa wagonjwa, kwa kifupi.

Dalili huanza wiki moja hadi tatu baada ya kula. Kichwa kinauma vibaya sana, shingo inakaza, kutapika, na kuna moja ya kumtambulisha: ngozi inachonyota au kuwaka sehemu sehemu, hata shuka likigusa tu mtu analia. Homa inaweza kuwa ndogo au isiwepo. Ukichukua maji ya uti wa mgongo unakuta eosinofili nyingi (aina mojawapo ya chembe nyeupe), asilimia 10 ya chembe nyeupe zote au zaidi. Hiyo ndiyo alama. Wengi hupona, na dawa za kundi la steroidi hupunguza maumivu ya kichwa. Msinunue dawa za minyoo dukani mkanywa kwa sababu ya uzi huu. Minyoo wakifa kwa mkupuo ndani ya ubongo uvimbe unaweza kuongezeka, uamuzi huo uacheni hospitali.

Na kwa nini nasisitiza kuangalia: hapa hapa Moshi ulifanyika utafiti mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne! Wengine walikuwa na leptospira (bakteria anayetoka kwenye mkojo wa wanyama), homa ya Q, bruselosi, maambukizi ya damu. Sijasahau zile namba tangu nilipozisoma, na zimebadilisha ninavyomsikiliza mgonjwa.

Halafu kuna jambo la kumpa moyo FundiDarubini. Kwenye leptospira kila mtu alimnyooshea panya kidole. Watafiti wakatega panya 384 kaskazini mwa Tanzania, hawakukuta hata mmoja mwenye nayo kwenye figo. Ng'ombe ndio waliokutwa nayo, kama saba katika kila mia. Safari ile aliyesingiziwa alikuwa panya.

Chalii wa Sakina, Ijumaa saa 3:20 usiku

Aisee daktari. Nyumbani tunakaa na ng'ombe ukuta kwa ukuta. Nimeshaenda kumwambia mama.

KijanaWaUru, Ijumaa saa 4:05 usiku

Mjomba, nimesoma yote mara mbili. Tahiti ndiyo iliyonishinda. Miaka tisa sina jibu lake.

Baba nimemsomea kwa sauti, na anauliza kama aendelee na mradi wake. Na mimi nina ombi. Mwaka huu natakiwa nichague mada ya utafiti wangu. Nataka nitege panya wa darini, Uru, Pasua na kule Tengeru, niwapasue nitazame mishipa ya mapafu, na konokono wa maeneo yale yale niwapime. Nikipata mnyoo, nisome COI yake nione ni wa ukoo gani. Utanifundisha kupasua?

FundiDarubini, Jumamosi saa 12:45 asubuhi

Nitakufundisha, na nimefurahi mno.

Kwa baba yako: aendelee, ila matofali pekee hayatoshi. Wavu uwe wa matundu madogo ya kuzuia panya, chini na juu pia, na sakafu ya saruji. Asianze na konokono wa migombani, maana hao wameshakula asichokijua mtu. Achukue mayai, ayaangulie ndani, awalishe majani yaliyooshwa. Na anayenunua aambiwe apike mpaka waive kabisa.

Kwa wewe: kwanza barua ya maadili kutoka chuoni, na ruhusa ya wenye nyumba. Mitego ya kukamata hai, chambo dagaa na siagi ya karanga, itegwe jioni na kukaguliwa alfajiri kabla jua halijampiga panya. Glavu jozi mbili, barakoa, na usipasulie jikoni kwa dada.

Ukifungua kifua usikimbilie mapafu. Tazama kwanza mshipa mkubwa unapotoka upande wa kulia wa moyo, ushike mwanzo kwa koleo, uchane kwa mkasi mdogo ukielekea pafu. Mnyoo akiwepo atakuwa kama uzi ndani ya damu. Mwagia maji ya chumvi, subiri, tazama anayejinyonganyonga. Halafu mapafu yenyewe: yaliyoathirika yanakuwa magumu, na vinundu vya kijivu pembezoni. Kata kipande, kiminye kati ya vioo viwili, utafute lava kwa darubini.

Usiishie kifuani. Panya niliowapasua mimi Pasua miaka ile nilikuta tegu kwenye utumbo, mirefu kama tambi, ile *Hymenolepis diminuta*, na maini mengine yana michirizi ya manjano na nyeupe ya mayai ya *Calodium hepaticum*. Andika kila unachokiona, panya wa ngapi, jike au dume, uzito, nyumba ipi. Panya asiye na kitu mwandike pia, tena kwa mwandiko ule ule.

Na hili nakuomba ulishike kuliko yote, maana niliwahi kuona sampuli za miezi minane zikipotea kwa ajili yake: mnyoo akitoka, usimtie kwenye fomalini. Fomalini inamhifadhi umbo na kuharibu vinasaba, hutasoma herufi tena. Mnyoo mmoja chupa moja, ethanoli ya asilimia 95, na lebo ya penseli ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka kwenye ethanoli.

Nina mitego kumi na miwili stoo. Njoo Jumamosi ijayo uichukue, na umwambie mama yako nitapanda nawe jioni.